Kupanga na Kufundisha Kozi ya Lugha na Fasihi Inayoongozwa na Dhana

Mwalimu wa lugha na fasihi anayefundisha wanafunzi wa umri wa miaka 11 hadi 16 mara nyingi huanza mwaka akiwa na orodha mbili: ya vitabu vitakavyosomwa na ya vipengele vya sarufi vitakavyokamilishwa. Kitabu husomwa sura kwa sura, huulizwa maswali ya ufahamu, hufungwa, na kingine hufunguliwa. Mwaka ukiisha, wanafunzi wanaweza kusimulia kisa chote na kutaja wahusika wake, lakini wakipewa hadithi fupi ambayo hawajawahi kuiona hukaa kimya wakisubiri mwalimu awaambie inasema nini. Kozi inayoongozwa na dhana hupangwa kwa ajili ya wakati huo wa ukimya. Lengo lake ni kwamba mwanafunzi atoke katika kila matini akiwa na jambo litakalomsaidia kuisoma matini inayofuata bila kushikwa mkono.

Dhana na mada

Dhana ni wazo lisilofungwa na mahali, wakati wala kitabu kimoja. Mifano yake hutofautiana sana kwa sura, lakini yote hushiriki sifa za msingi zinazofanana. “Hadithi za safari” ni mada. “Mtazamo” ni dhana. Mada humwambia mwalimu atafundisha kuhusu nini, ilhali dhana humwambia mwanafunzi atazame kwa jicho gani. Mtaalamu wa mitaala wa Marekani, H. Lynn Erickson, aliyechangia sana kueneza mkabala huu, huchora ujuzi kama ngazi: chini kuna ukweli na mada, juu yake dhana, na juu ya dhana kuna kauli jumlishi zinazoeleza uhusiano kati ya dhana mbili au zaidi. Mwenzake Lois Lanning aliongeza mchoro pacha kwa masomo ambayo msingi wake ni michakato, mikakati na stadi, kama vile kusoma na kuandika. Walimu wa lugha na fasihi tunahitaji michoro yote miwili, kwa sababu somo letu lina maarifa ya kujua na pia lina kazi za kutenda.

Mfumo unaojulikana zaidi katika eneo hili ni Programu ya Miaka ya Kati ya International Baccalaureate, shirika la kimataifa la elimu. Programu hiyo ina dhana kuu 16, na nne kati yake zimewekwa kwa ajili ya lugha na fasihi: mawasiliano, miunganiko, ubunifu na mtazamo. Chini yake kuna dhana 12 za somo lenyewe: mahitaji ya hadhira, mhusika, muktadha, tanzu, mwingilianomatini (matini moja kurejelea nyingine), nafsi ya usimulizi, lengo, kujieleza, mandhari, muundo, mtindo na dhamira. Mwalimu ambaye shule yake haimo katika programu hiyo bado anaweza kuzitumia, kwa kuwa nyingi kati yake anazifundisha tayari chini ya jina la fani na maudhui. Tofauti iko katika kiasi. Kila moduli, yaani sehemu ya kozi ya takribani wiki sita, ibebe dhana kuu moja na dhana za somo mbili, au tatu zikizidi sana, na zilizobaki zisubiri zamu yake hata kama zinaonekana waziwazi ndani ya kitabu.

Kauli ya uchunguzi

Moduli nzima husimama juu ya sentensi moja, kauli ya uchunguzi, inayosema wanafunzi watachunguza wazo gani, na sentensi hiyo ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko kitu kingine chochote katika upangaji. Wengi huiandika dakika ya mwisho ili kujaza kisanduku cha fomu. Hapo ndipo kozi inapoharibika, kwa sababu kauli dhaifu haiwezi kuongoza uteuzi wa matini, maswali wala tathmini.

Chukua mfano wa kauli hii: “Mtazamo ni muhimu katika hadithi.” Hakuna anayeweza kuipinga, na wala haimwambii mwanafunzi atafute nini. Erickson huwashauri walimu waepuke vitenzi vilegevu katika kauli za namna hii. Katika Kiswahili vitenzi hivyo ni kama “kuathiri”, “kuhusiana na” na “kuwa muhimu”. Dawa yake ni kuiuliza kauli maswali mawili: vipi? na kwa hiyo? Mtazamo ni muhimu vipi? Msimulizi huchagua kipi cha kusema na kipi cha kunyamazia. Kwa hiyo? Msomaji humhurumia mhusika mmoja na kumhukumu mwingine kabla hajawa na ushahidi wa kutosha. Sasa kauli inaweza kuandikwa: “Kwa kuchagua cha kusema na cha kunyamazia, msimulizi huelekeza huruma ya msomaji.”

Kauli hiyo ipitishwe kwenye vipimo vitatu. Je, inabaki kuwa kweli kitabu kikibadilishwa? Je, kuna msomaji mwenye akili anayeweza kuitilia shaka? Je, inamwelekeza mwanafunzi kwenye maneno yaliyo katika ukurasa? Kipimo cha tatu ndicho ninachokijali zaidi, kwa sababu kauli nyingi zinazosikika vizuri huzungumzia maisha kwa jumla na kuiacha lugha nje, na somo la fasihi likageuka kikao cha maoni.

Kutoka katika kauli huzaliwa maswali ya aina tatu. Swali la ukweli lina jibu linalopatikana katika matini: ni nani anayesimulia, na ni tukio gani ambalo hakulishuhudia? Swali la dhana huhama kutoka matini moja kwenda nyingine: ukimya wa msimulizi hufanya kazi gani? Swali la mjadala halina jibu moja: je, msimulizi anayeficha jambo amemdanganya msomaji? Maswali mawili au matatu ya kila aina yanatosha kwa wiki sita.

Programu niliyoitaja humtaka mwalimu aweke kauli yake ndani ya mojawapo ya miktadha sita ya kimataifa, kwa mfano utambulisho na mahusiano, au haki na maendeleo. Teua ule unaoibuka wenyewe kutoka katika matini, kisha uendelee.

Panga ukianzia mwisho

Wataalamu wa elimu wa Marekani, Grant Wiggins na Jay McTighe, katika kazi yao ya mwaka 1998, walieleza utaratibu wa kupanga kinyumenyume: kwanza matokeo yanayotakiwa, pili ushahidi utakaoonyesha kwamba yamefikiwa, na mwisho kabisa shughuli za darasani. Katika kozi ya dhana utaratibu huu ni wa lazima, kwa kuwa ushahidi wa kuelewa dhana ni mmoja tu: mwanafunzi anaitumia katika matini ambayo hakufundishwa. Mtihani unaouliza juu ya kitabu kilichochambuliwa darasani kwa wiki tano unapima kumbukumbu ya mazungumzo ya mwalimu. Kwa hiyo, kabla ya kuandika andalio la somo la kwanza, tafuta matini ngeni ya mwisho, ifungie kabatini, na usiitaje.

Kwa kauli yetu ya msimulizi na ukimya, kazi ya mwisho inaweza kuwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mwanafunzi anasoma hadithi ngeni ya kurasa mbili na kuchambua jinsi msimulizi anavyoelekeza huruma. Katika sehemu ya pili anaandika upya tukio moja la hadithi hiyo akisimulia kupitia mhusika aliyenyamazishwa, na kuambatanisha aya fupi inayotetea machaguo yake matatu ya lugha.

Usahihishaji hufuata vigezo vinne vya programu: uchambuzi, upangaji, uundaji wa matini na matumizi ya lugha. Kila kigezo kina alama 8, jumla ni 32, na jumla hiyo hubadilishwa kuwa daraja la 1 hadi 7. Kila kigezo sharti kipimwe angalau mara mbili kwa mwaka. Faida kubwa ya kuvitenganisha ni haki kwa mwanafunzi: makosa ya tahajia hukatwa alama katika kigezo cha lugha peke yake, na mtoto mwenye fikra kali lakini mwandiko wenye makosa mengi huonekana alivyo. Viwango vya kila kigezo viandikwe kwa maneno yanayohusu kazi hii mahususi na wapewe wanafunzi mapema, si siku ya kurudishiwa karatasi.

Darasani

Katika somo la kwanza, usiandike dhana ubaoni. Wape wanafunzi matini tatu fupi zinazoeleza tukio lilelile, waache wazisome kwa vikundi, kisha uwaulize ni nani anayelaumiwa katika kila moja na wamejuaje. Watasema mambo mengi kabla ya kupata jina la kile wanachokisema. Jina “mtazamo” likija baada ya mjadala huo, hupokelewa kama chombo walichokuwa wanakihitaji. Likitangulia, huandikwa kwenye daftari kama maana ya kukariri. Kwa sababu hiyo hiyo ninapendelea kuificha kauli ya uchunguzi hadi wiki ya pili au ya tatu, wanafunzi wakiwa tayari wamejaribu kuandika za kwao. Wako walimu hodari wanaoibandika ukutani siku ya kwanza, na hilo lina faida kwa wanafunzi wanaohitaji kuona njia mapema. Hata hivyo, kauli waliyoijenga wanafunzi hutetewa darasani kwa nguvu ambayo kauli waliyopewa haipati.

Sarufi haina haja ya kuwa na kipindi chake cha pembeni. Kiswahili kimempa mwalimu utajiri mkubwa hapa. Linganisha sentensi tatu: “Kijana alivunja dirisha”, “Dirisha lilivunjwa”, “Dirisha lilivunjika.” Ya kwanza inamtaja mtenda, ya pili inakiri kwamba yupo lakini inamficha, ya tatu inazungumza kana kwamba hakuwahi kuwapo. Mwanafunzi aliyekuwa akijaza majedwali ya kauli za vitenzi bila kujua kwa nini anaona ghafla kwamba kutendwa na kutendeka ni njia za kumlinda au kumwanika mtu. Vivyo hivyo kwa ngeli: msimulizi anayemwita mhusika “mtu”, “kijitu” au “jitu” ameshatoa hukumu kwa kiambishi tu. Masomo mawili ya namna hii, yenye dondoo halisi kutoka kitabu kinachosomwa, huzaa uchambuzi wa kina kuliko mihadhara mirefu kuhusu mtazamo.

Hatari kubwa ya mkabala huu ni dhana kuimeza matini. Wanafunzi hujifunza haraka kwamba neno “mtazamo” humpendeza mwalimu, nao hulinyunyiza katika kila aya bila kugusa hata sentensi moja ya mwandishi. Weka sharti moja na ulisimamie bila huruma: jina la dhana lisitajwe, kwa mdomo wala kwa maandishi, bila dondoo kando yake na maelezo ya neno gani hasa ndani ya dondoo linafanya kazi. Kwa wanafunzi ambao lugha ya kufundishia bado ni ngeni kwao, toa kiunzi cha sentensi: “Msimulizi anasema … lakini hasemi …, kwa hiyo msomaji …” Kiunzi hicho kiondolewe kidogokidogo kufikia wiki ya nne, maana kikikaa hadi mwisho insha zote hufanana.

Kati ya stadi za kujifunza, ambazo programu huzigawa katika makundi matano (mawasiliano, ushirikiano, kujisimamia, utafiti na kufikiri), chagua moja au mbili na uzifundishe waziwazi. Kuorodhesha zote kwenye azimio la kazi hakumfundishi mtu chochote.

Mwaka hadi mwaka

Moduli nne au tano kwa mwaka zinatosha. Zaidi ya hapo, wanafunzi hukutana na dhana bila kupata muda wa kuihamisha. Walimu wa madarasa yote wakae pamoja waamue dhana ipi itarudi na itarudi ikiwa na uzito gani. Mtazamo unaweza kuanza, kwa wenye miaka 11, na swali la nani anasimulia. Miaka miwili baadaye ukarudi na msimulizi asiyeaminika. Na katika mwaka wa tano ukahusu mwandishi mwenyewe, hadhira yake na msomaji wa leo anayeisoma kazi hiyo kwa macho mengine. Tanzu nazo zibadilike. Muundo uliofundishwa kupitia hadithi fupi urudi kupitia shairi la tarbia, ambapo mishororo minne ya kila ubeti, mizani 16 ya kila mshororo na vina vya kati na vya mwisho hufanya kazi ambayo katika hadithi ilifanywa na mpangilio wa matukio.

Moduli ikiisha, tenga kipindi kimoja ambapo kila mwanafunzi anaandika upya kauli ya uchunguzi kwa jinsi anavyoielewa sasa, akitaja matini mbili zinazoiunga mkono na moja inayoitatiza. Kusanya karatasi hizo na uziambatanishe na azimio la kazi. Pakiwa na mwanafunzi aliyeandika, kwa mfano, kwamba msimulizi akinyamaza msomaji hujaza pengo kwa dhana zake za awali kuhusu watu, mwalimu ameshapata kauli ya kuanzia moduli ya mwaka ujao, na kinachobaki ni kutafuta matini itakayoijaribu.