SOMO: Jinsi ya kulinganisha upanga mrefu wa Ulaya na katana

Swali ni lilelile kila wiki: kati ya upanga mrefu wa Ulaya na katana ya Japani, upi unashinda? Nimechoka kulijibu vipandevipande. Tafuta mwenzako, fimbo mbili, glavu nene na barakoa za wavu wa chuma, kisha fuateni hatua hizi.

1. Taja karne na mavazi. Mafundisho ya Johannes Liechtenauer, mwalimu wa upanga mrefu, ni ya Ujerumani, karne ya 14 na 15, na yana sehemu ya wenye deraya (mavazi ya chuma ya vita) na ya wasio nayo. Katana inayojulikana na wengi ni ya enzi ya Edo (1603–1868), wakati wa amani. Linganisha wasio na deraya kwa wasio na deraya.

2. Pima. Upanga mrefu kwa kawaida ni kilo 1.1 hadi 1.6, katana kilo 1 hadi 1.3. Ubapa wa katana ndio mfupi zaidi.

3. Shikeni kwa mikono miwili, wa kulia juu.

4. Simameni. Upanga begani kulia: Vom Tag kwa Wajerumani, hasso kwa Wajapani. Mpini kiunoni, ncha ikielekea uso wa adui: Pflug, na kule chudan.

5. Mapanga yanapokutana. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mmoja akate kutoka juu kulia. Mwenzake ajibu kwa pigo hilohilo kupitia mstari wa kati, ili upanga wake uutupe mwingine kando na ncha yake ibaki mbele ya uso. Kwa Liechtenauer hiyo ni Zornhau. Katika shule ya Kijapani ya Itto-ryu kuna kiri-otoshi, na pigo lenyewe linakaribia kuwa moja. Tofauti iko baada ya hapo. Kiri-otoshi inataka kumaliza kazi palepale. Mjerumani anabaki amegusana na upanga wa adui akiupima: ukilegea, anachoma, ukisukuma, hashindani nao, anazungusha wake na kuingia upande wa pili. Msalaba wa chuma kwenye mpini unamlinda vidole muda wote huo. Tsuba ya katana ni kisahani kidogo tu.

ONYO: Zwerchhau (pigo la mlalo la Wajerumani) ya kutoka kulia hupiga kwa makali ya nyuma. Katana haina makali hayo, utampiga mtu kwa mgongo wa upanga.
ONYO: Fimbo ikiteleza, inaishia kwenye vidole. Bila glavu, msianze.
ONYO: Polepole. Anayeanza kwa kasi hujifunza kusukuma tu.

6. Badilishaneni zamu.

MASWALI

Chuma_Moto: Mkuu, kwa kifupi tu, nani mshindi?
Jibu: Hatua ya 1.

Chuma_Moto: Ila kuna video katana inakata upanga wa Mzungu vipande viwili.
Jibu: Chuma kwa chuma, yote mawili hutoka na mapengo. Makali ya katana ni magumu na mgongo wake laini, kwa hiyo ukipinda sana hubaki umepinda. Upanga mzuri wa Ulaya hupinda ukarudi. Tena somo halihusu kukata panga la mtu. Umelisoma?

Binti wa Pangani: Shikamoo kaka. Je, Wachina nao walikuwa na upanga wa mikono miwili?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. Jenerali wa China Qi Jiguang, aliyepigana na maharamia wa pwani wenye mapanga ya Kijapani, alipata mwongozo wa shule ya Kage-ryu ya Japani mwaka 1561. Cheng Zongyou akaandika kitabu kuhusu upanga wa namna hiyo mwaka 1621. Wakorea nao, katika mwongozo wao wa kijeshi wa 1790, waliweka mbinu za upanga wa Kijapani. Maadui walikuwa wanasoma mbinu za maadui.

Binti wa Pangani: Na mwenye deraya anapigwaje?
Jibu: Mzungu hushika ubapa katikati kwa mkono wa kushoto, akachoma kwapani au kinenani. Katika shule ya Kijapani ya Katori Shinto-ryu kiganja huegemezwa mgongoni mwa upanga, mahali pasipo makali. Jaribuni zote mbili kwa fimbo, mtaona zinavyofanana.

Fundi Mzee: Wenye mapanga ya chuma huku pwani, kutu itawamaliza. Futeni jasho, pakeni mafuta ya cherehani.
Jibu: Kweli mzee. Na msiuhifadhi ndani ya ala ya ngozi, inavuta unyevu.