Kufungana kamba kwa hiari: ninayowaambia wanaoanza hapa Kigoma

Naongea na watu wazima wanaopenda kufungana kamba kwa kukubaliana: kamba ya boti usiilete chumbani. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kigoma mtu akisikia kamba, mawazo yanakimbilia manila za Kibirizi, zile za buluu na kijani zinazofungia mitumbwi. Zile ni plastiki. Zinateleza, fundo halitulii, na ukiivuta kwa kasi juu ya ngozi inaunguza. Katani nayo inachoma. Tafuta kamba laini ya pamba, unene wa milimita 6, vipande viwili vya mita 7 au 8. Ukiikosa, kanga iliyokunjwa bapa inatosha kujifunzia, ila ujue fundo la kitambaa likivutwa linakaza na huenda likataka mkasi.

Mimi ni fundi cherehani, Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Mume wangu amekulia kwenye boti za dagaa na mafundo anayajua kunizidi. Lakini boti haina mishipa ya fahamu, na fundo la kushindana na mawimbi si la kuweka kwenye mkono wa mtu. Tunafungana kwa zamu, na kila safari tunaanza na maongezi.

Maongezi yafanyike mapema, mmevaa nguo zenu, hakuna aliyelewa. Nauliza: leo kuna panapouma? Bega lilishawahi kuteguka? Una pumu, presha, sukari? Wapi nisiguse? Unataka nini hasa? Maana wapo wanaotafuta mahaba, wapo wanaotaka kutulia tu, na wapo wanaopenda uzuri wa kamba yenyewe, kama Wajapani ambao mitindo yao ya kumfunga mtu kamba, kinbaku, imeenea duniani. Kuna wanaume huniuliza, "Dada, si nimeshamuoa?" Kaka yangu, ndoa haijibu swali hili. Alikubali wiki iliyopita, leo muulize tena. Na kukubali kwa sababu amechoka kubembelezwa si kukubali.

Wekeni maneno. Sisi tunatumia rangi: kijani twende, njano punguza au rekebisha, nyekundu fungua sasa hivi. "Hapana" na "basi" nazo zina uzito wa nyekundu. Kwa mtu ambaye akizama kwenye hisia anakosa maneno, mpe funguo ashike. Zikidondoka, unafungua.

Fundo la kwanza lijaribu kwenye paja lako mwenyewe, halafu ndipo mkono wa mwenzio. Kunja kamba katikati. Ile sehemu iliyokunjika iite kichwa. Zungusha mara mbili au tatu kwenye mkono, juu kidogo ya kifundo, si pale penye mifupa ya kiungo. Mizunguko ilale bapa, sambamba, isipandane. Kivushe kichwa juu ya mizunguko yote, kipitishe chini yake kitokee upande wa pili, kisha ukifunge na ule mkia mrefu: kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Sasa ingiza vidole viwili chini ya kamba. Viingie bila kulazimisha. Vuta mkia: mzunguko usikaze hata kidogo. Ukikaza, fungua uanze upya. Rudia mpaka mikono yako iweze kulifunga na kulifungua gizani, maana umeme unaweza kukatika wakati wowote. Tochi na mkasi wa kukatia bandeji, wenye ncha butu, viwe hapo ulipo, si kabatini. Ujaribu kwanza mkasi huo kwenye kamba uliyonayo. Mingine inatafuna tu.

Sasa mishipa ya fahamu, na hapa naomba usome taratibu. Vidole vikipauka au vikiwa baridi, mara nyingi ni damu imebanwa. Legeza na itarudi. Ganzi, kuchomwachomwa kama sindano, au mkono kukosa nguvu ni habari nyingine. Hapo hakuna kumalizia mzunguko, unafungua. Hatari kubwa iko upande wa nje wa mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, ambako mshipa wa fahamu unapita karibu na mfupa. Ukibanwa, kiganja kinaning'inia na mtu hawezi kukiinua, na kupona kunaweza kuchukua wiki au miezi. Mguuni, jihadhari na upande wa nje chini kidogo ya goti. Kwapani, ndani ya kiwiko na kinenani usikaze kamba. Shingoni usiweke kabisa, hata kwa utani.

Kwa hiyo kila baada ya dakika chache mwambie: inua kiganja juu, kama unayesimamisha gari. Gusanisha kidole gumba na kidole kidogo. Nibane vidole vyangu. Linganisha mkono wa kulia na wa kushoto. Mwenye raha anaweza asihisi ganzi inavyoingia, ndiyo maana anayefunga ndiye anayepima. Usimwache aliyefungwa peke yake, hata kwenda kufungua geti. Udhaifu ukibaki baada ya kumfungua, nendeni hospitali, Maweni au iliyo karibu, na mseme wazi kwamba mkono ulibanwa na kamba na kwa muda gani. Daktari anahitaji kujua.

Kuning'iniza mtu, acheni. Boriti za nyumba zetu zimewekwa kubeba mabati.

Kuhusu kupata wenzako: mji wetu ni mdogo, na wanaopenda mambo haya wapo, wamenyamaza. Sisi tulianza na wanandoa wawili tuliowaamini. Marekani na Ulaya kuna desturi nzuri ya kukutana kwanza mgahawani, mchana, nguo za kawaida, bila kamba, na sisi tunafanya hivyo kando ya ziwa kwa soda na migebuka. Zungumzeni mara kadhaa kabla ya kualikana nyumbani. Anayesema hana mipaka, anayejiita mwalimu na kutaka akufunge siku ya kwanza, anayeomba picha, huyo mwacheni. Mwulize mtu aliyewahi kufungwa naye, faragha. Picha hatupigi kabisa: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ni kali kwa picha za ngono, na simu hupotea. Kundi la WhatsApp hatuna. Jina la mtu halitajwi kwa mwingine bila idhini yake.

Tukikutana kufanya mazoezi, ni watu wazima tu, wamevaa, na kila jozi ina mkasi wake. Anayetaka kutazama tu anakaribishwa. Baada ya kufungua kuna maji, kanga ya kujifunika, na muda wa kukaa kimya au kuongea, kila mtu apendavyo. Kesho yake asubuhi anayefunga ndiye anayepiga simu kuuliza: vidole vinafanya kazi? Usiku ulilala? Kuna jambo hukulipenda?