Somo: Karate, mbio na baiskeli ndani ya wiki moja bila kuharibu miguu (kwa anayeanza)

Wakuu, salaam.

Naliandika hili mara moja ili kuanzia leo anayeniuliza nimwelekeze hapa. Kila wiki ujumbe ni uleule: "Nimeanza tizi vizuri, sasa ugoko unauma, nifanyeje?" Nikiuliza ratiba, nayo ni ileile: Jumatatu dojo (ukumbi wa karate), Jumanne kukimbia, Jumatano dojo, Alhamisi kukimbia, na baiskeli imeegeshwa ukutani imejaa vumbi. Nafundisha wanaoanza Goju Ryu, mtindo mmoja wa karate, hapa Dar, nakimbia, na baiskeli naendesha. Haya ninayoyaandika nayaona kwenye miguu ya watu. Soma hadi mwisho ndipo uulize.

Hatua ya 1. Pima presha na sukari kabla ya kuanza, hasa ukiwa umevuka miaka 40 au una kitambi.

Hatua ya 2. Raba ya kukimbilia iwe ya kukimbilia kweli, na vidole vibaki na nafasi ya upana wa dole gumba mbele.

Hatua ya 3. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Dar ikifika saa mbili jua limeshapanda, na unyevu wa hewa unazuia jasho lisikauke mwilini, kwa hiyo moyo unakwenda mbio hata kwa mwendo wa pole.

Hatua ya 4. Panga wiki kwa kuhesabu vishindo. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wengi wanahesabu michezo: leo karate, kesho mbio, basi wanaona wamebadilisha zoezi na miguu imepumzika. Haijapumzika. Dojo nyingi za mjini ziko kwenye kumbi za shule, sakafu ya saruji, na sisi tunafanya mazoezi pekupeku. Kuruka kamba, kurukaruka kwenye kumite (kupambana na mwenzako), kutua baada ya teke, vyote vinapiga mfupa uleule wa ugoko unaopigwa na lami unapokimbia. Kwa mfupa, Jumatatu dojo na Jumanne mbio ni zoezi moja lililofanywa siku mbili mfululizo.

Baiskeli haina kishindo. Inajenga moyo na mapafu, inachosha mapaja, na ugoko unapumzika. Ndiyo maana inakaa katikati:

Jumatatu kupumzika, Jumanne baiskeli dakika 40, Jumatano mbio, Alhamisi baiskeli au kupumzika, Ijumaa dojo, Jumamosi kupumzika, Jumapili mbio asubuhi. Baada ya miezi miwili ndipo uongeze baiskeli ndefu ya Jumamosi. Dojo yenu ikiwa na siku nyingine, sogeza, ila sheria ibaki: siku mbili za vishindo zisifuatane.

Hatua ya 5. Kukimbia. Wiki mbili za kwanza: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara kumi. Hiyo ni nusu saa, na inatosha. Kila baada ya wiki moja au mbili ongeza dakika ya kukimbia na upunguze ya kutembea, hadi wiki ya kumi hivi uweze kukimbia nusu saa bila kusimama. Mwendo uwe wa kuongea: useme sentensi nzima na mwenzako bila kukata katikati. Ukishindwa kuongea, punguza. Usione aibu kupitwa na akina mama wa jogging klabu pale Daraja la Tanzanite. Wao wana miaka yao ya mazoezi.

Sasa sikiliza sababu, kwa sababu asiyejua sababu hafuati. Pumzi inazoea haraka. Ndani ya wiki tatu, nne, unajisikia mtu mpya, ngazi unapanda bila kuhema, na hapo ndipo unapotamani kuongeza kilomita. Mfupa na kano vinakwenda polepole zaidi. Mfupa ukipigwapigwa kuliko ulivyozoea, mwili kwanza unabomoa sehemu iliyochoka, kisha unaijenga upya ikiwa imara zaidi. Kubomoa kunachukua wiki chache, kujenga kunachukua miezi. Kwa hiyo kuna kipindi, mara nyingi kati ya wiki ya tatu na ya sita, ambapo mapafu yanasema "twende" na mfupa uko katika udhaifu wake mkubwa. Anayeongeza kilomita wakati huo ndiye anayeniandikia.

Tahadhari, na hizi usizichukulie poa:

Maumivu yaliyotandaa kwenye urefu wa ugoko, yanayopungua mwili ukipata moto: punguza mbio nusu, hamia baiskeli, na dojoni acha kuruka. Yakiendelea wiki mbili, acha mbio kabisa kwa muda.

Maumivu ya sehemu moja, unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, ukiibonyeza inauma kwenye mfupa wenyewe, na usiku umelala bado inauma: huo unaweza kuwa ufa wa mfupa. Usikimbie, usiruke, nenda hospitali. Tena ujue kwamba picha ya eksirei katika wiki za mwanzo inaweza isionyeshe kitu. Kuambiwa "picha iko safi" hakumaanishi urudi barabarani kesho yake. Kama panauma vilevile, mwambie daktari na urudi kupimwa.

Na usimeze dawa ya maumivu ili ukimbie. Ukinyamazisha maumivu, umejinyima kitu pekee kinachokuambia usimame.

Hatua ya 6. Baiskeli. Iwe Phoenix au mtumba wa Kijapani wenye kikapu, kwanza rekebisha siti. Panda ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini mno; likiuma kwa nyuma, iko juu mno. Kisha zungusha kwa wepesi, usikandamize. Hesabu goti la kulia kwa sekunde 15: likipanda mara 20 hadi 22 uko sawa. Njia ya mwendokasi siyo yako hata kama iko tupu, na helmeti vaa.

Hatua ya 7. Dojo. Nenda ukaangalie darasa zima kabla ya kulipa. Mgeni wa wiki ya kwanza akiwekwa kwenye kumite, ondoka. Kwenye mawashi geri, teke la kuzungusha kutoka pembeni, mguu uliosimama ndio wa kuangalia: unyayo lazima uzunguke, kisigino kielekee unakopiga, nyonga ifunguke. Unyayo ukibaki umeganda sakafuni na kiwiliwili kikazunguka, goti ndilo linalosokotwa. Piga chini, usawa wa paja, hadi mzunguko uwe tabia.

Hatua ya 8. Lala. Kula ushibe, ugali na maharage na dagaa vinajenga mwili vizuri kabisa.

Karibuni kwa maswali.

---

Kijana wa Tandika: Mkuu ndefu sana hii, nifupishie. Nina harusi wiki mbili zijazo nataka kitambi kiishe.

Jibu: Wiki mbili hakiishi. Anza hatua ya 4.

Mgeni Njiani: Raba gani nzuri mkuu?

Jibu: Hatua ya 2.

Mgeni Njiani: Nimesoma, hujataja aina.

Jibu: Sijataja kwa sababu mguu wako siujui. Ivae, kimbia hatua ishirini pale pale dukani. Ikibana au ikikwaruza, siyo yako hata ikiwa ya bei gani.

Fundi Ilala: Kwa wanaonunua mtumba Karume niongezee: bonyeza soli ya kati kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi pembeni, imeshakufa hata kama juu inang'aa. Halafu iweke mezani uitazame kwa nyuma, kama imelalia upande mmoja iache.

Jibu: Asante sana fundi. Wakuu, shikeni hilo.

Mbavu Nene: Unatisha watu tu. Mimi siku ya pili nilipiga kilomita 15 na niko fiti.

Jibu: Siku ya pili mfupa hauna la kusema. Hatua ya 5 nimeeleza ni wiki zipi. Mkimbiaji wetu wa marathoni Alphonce Simbu alipata shaba ya dunia London mwaka 2017, na dhahabu akaipata Tokyo mwaka 2025, kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani aliyekuwa wa pili, wakatenganishwa na picha ya mstari wa mwisho. Kati ya medali hizo mbili kuna miaka minane ya kazi. Wewe una siku mbili.

Dada wa Msasani: Sensei, hapo pa mfupa kubomolewa pamenifungua macho. Je, nikihamisha mbio kutoka lami kwenda mchanga wa Coco, si nitapunguza kishindo na kuruhusiwa kuongeza siku?

Jibu: Swali zuri dada, na jibu lake lina pande mbili. Kishindo kweli kinapungua. Lakini mchanga mkavu unazama, kisigino kinashuka chini kuliko kawaida kila hatua, na kano ya kisigino inavutwa kupita ilivyozoea. Watu wanaponya ugoko wanaumiza kisigino. Ukitaka ufuo, subiri maji yakupwe, kimbia kwenye mchanga uliolowa na kushikana. Tena ufuo umeinama kuelekea baharini, mguu mmoja unakuwa juu mmoja chini, kwa hiyo urefu uliokwenda ndio urudi nao kwa njia ileile ili miguu ibadilishane upande. Anza na dakika kumi. Siku usiongeze kwanza. Ongeza wiki ya kumi ikipita bila maumivu.

Dada wa Msasani: Nimekuelewa. Na ikitokea siku moja nina dojo jioni na nafasi ya kukimbia ni asubuhi hiyo hiyo?

Jibu: Hiyo ni bora kuliko kuvitenganisha siku mbili zinazofuatana, mradi mbio ziwe fupi na kesho yake iwe ya kupumzika au baiskeli. Mfupa unajenga vizuri ukipigwa kidogo, ukapewa saa kadhaa, ukapigwa tena kidogo, kisha ukaachwa. Ila ukifika dojoni na miguu mizito, usifanye mateke ya juu siku hiyo. Fanya kata, yaani mfuatano wa miondoko unaofanya peke yako.

Mzee wa Uyole: Kijana, nina miaka 58, presha natumia dawa, daktari kaniruhusu mazoezi. Huku Mbeya hewa nyepesi. Karate niliicheza ujanani, natamani kurudia ile kata ya Sanchin. Kuna ubaya?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi kuona mtu wa zamani anarudi. Sanchin ya kukaza mwili wote na kubana pumzi inapandisha presha ghafla, kwa hiyo hiyo tuiweke kando. Ifanye laini: hatua zilezile, mikono ileile, misuli ilegee, pumzi itoke wazi bila kuzuiwa kooni. Mkao wake bado utakujenga miguu. Na daktari umwulize hasa kuhusu mazoezi ya kukaza mwili, umwonyeshe, kwa sababu ukisema "mazoezi" tu atadhani ni kutembea. Baadhi ya dawa za presha zinapunguza mapigo ya moyo, usijipime kwa saa ya mkononi, jipime kwa kuongea. Na huko mko mita kama 1,700 juu ya bahari, mwendo wako utakuwa wa chini kuliko wetu wa Pwani. Baiskeli na kutembea kwa nguvu viwe vingi, mbio zije mwisho. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka, simama.

Mzee wa Uyole: Marahaba. Nitamwonyesha.

Mama Pacha, Unguja: Kaka, sisi huku Ramadhani tunafanyaje? Na mimi baiskeli napanda na baibui, naogopa cheni.

Jibu: Mwezi wa Ramadhani usitafute kupanda daraja, tafuta kutoshuka. Kukimbia taratibu nusu saa kabla ya magharibi ni sawa, maana unamaliza na futari iko mezani. Zoezi la nguvu, dojo pia, liwe baada ya tarawehe. Daku kunywa maji kidogo kidogo, na uji wenye chumvi kidogo unasaidia kuyashika. Kuhusu baibui, tafuta baiskeli ya fremu iliyoshuka katikati yenye kava la cheni lililofunika yote, na gurudumu la nyuma lifungwe wavu pembeni. Mafundi wanaufuma kwa kamba ya nailoni. Ndani vaa suruali, na pindo la kulia libane kwa kibanio.

Mama Pacha, Unguja: Wavu huo nimeuona kwa dada mmoja Jang'ombe, kumbe ndiyo kazi yake! Ahsante.

Kijana wa Tandika: Mkuu nimerudi, nimesoma hatua ya 4 na ya 5. Baiskeli ninayo ya baba, cheni inalia sana. Niipake oili chafu ya gari? Zipo nyingi gereji.

Jibu: Karibu tena kijana, sasa tunaongea. Oili chafu usiipake, ina chembe za chuma na masizi, inaila cheni na kukusanya mchanga. Chukua kitambaa na mafuta ya taa kidogo, shika cheni, zungusha pedeli kinyumenyume hadi kitambaa kisitoke cheusi. Iache ikauke. Kisha oili ya cherehani, tone moja kwa kila pingili, zungusha tena, halafu, hili wengi wanaliacha, ifute kwa nje iwe kavu kabisa. Mafuta yanatakiwa ndani ya pingili, nje yanakamata vumbi tu. Ukiwa hapo hapo kagua breki, upepo na siti. Jumanne anza na dakika 40.