Kabla ya kuinua pikapu, pima mzigo

Ukitaka kuinua Hilux yako, yaani kuiongezea kimo kwa springi mpya, kwa ajili ya njia za Kinango kule Kwale, usianze na urefu. Anza na mzigo unaobeba kila siku. Springi ngumu za nyuma kwenye pikapu tupu zitakurusharusha mpaka kiuno kikome.

Inchi 2 zatosha. Ukizidisha, ekseli za mbele hukaa kwa pembe kali na mipira inayofunika viungo vyake huchanika mapema. Shokomzoba nazo ziendane na urefu mpya. Zile za zamani zitavutika mpaka mwisho na kugonga. Alaimenti, yaani kulinganisha magurudumu, siku hiyo hiyo.

Na kwa chumvi ya huku kwetu Mombasa, mwambie fundi apake boliti grisi kabla ya kuzifunga, la sivyo kuzifungua utamwita mwenye gesi ya kukatia.