Somo: Kuhifadhi utenzi katika XML na kuusoma kwa Python

Wako watu hapa Lamu waliorithi miswada ya tenzi na sasa wanaichapa kwenye kompyuta kabla wino haujafifia. Nawasihi wasiishie kwenye faili la maandishi matupu, kwa sababu programu haiwezi kujua ubeti unaanzia wapi na kuishia wapi isipoambiwa. Watumie XML, yaani namna ya kuandika ambamo kila sehemu huzungushiwa lebo zinazoitaja jina.

Hatua ya kwanza ni kuutazama utenzi wenyewe. Ubeti wake una vipande vinne vya mizani nane nane; vitatu vya mwanzo huwa na kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachoendelea hadi mwisho wa utenzi. Lebo zifuate ujenzi huo, zisifuate sura ya karatasi: mnakili akivipanga vipande viwili viwili au akaviandika vyote kwenye mstari mmoja, kwetu vinabaki kuwa vinne.

Hatua ya pili ni kuandika faili. Ubeti huu nimeutunga kwa ajili ya somo:

```
<?xml version="1.0" encoding="UTF-8"?>
<utenzi xml:lang="sw">
  <ubeti namba="1">
    <kipande>Karatasi na kalamu</kipande>
    <kipande>nimeishika kwa hamu</kipande>
    <kipande>niandikie kaumu</kipande>
    <kipande>maneno nawawekea</kipande>
  </ubeti>
</utenzi>
```

Kanuni za XML, ambazo W3C, shirika la viwango vya wavuti, lilizipitisha Februari 1998, ni chache lakini hazina msamaha. Lebo moja ya nje huzikumbatia zote, kila inayofunguliwa hufungwa, na `Ubeti` si sawa na `ubeti`. Alama za `&` na `<` zikiwa ndani ya maneno huandikwa `&amp;` na `&lt;`.

Hatua ya tatu ni kusoma na kukagua kwa Python, lugha ya kuandikia programu:

```
import xml.etree.ElementTree as ET

mti = ET.parse("utenzi.xml")
for ubeti in mti.getroot().findall("ubeti"):
    if len(ubeti.findall("kipande")) != 4:
        print("Kagua:", ubeti.get("namba"))
```

Faili likiwa na lebo isiyofungwa, Python itakataa kulisoma na kukutajia mstari ilipoigundua kasoro. Usijaribu kuikwepa kazi hii kwa kutafuta lebo kama unavyotafuta neno la kawaida, kwani nafasi moja ikiongezwa ndani ya lebo, utafutaji wako utairuka bila kukuonya.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Shela:* Salaam aleikum, mwalimu. Nimeandika `maana='ng'ombe'` na faili limekataliwa. Kosa liko wapi?

Aleikum salaam. Kibainishi cha ng' kimefunga thamani ya sifa (maelezo yaliyo ndani ya lebo, kama `namba="1"`) kabla ya wakati wake. Zungushia sifa zako alama mbili, yaani `maana="ng'ombe"`. Katikati ya lebo mbili, kama ndani ya kipande, neno hilo halina tatizo.

*Mwanachama wa Malindi:* Shikamoo, mwalimu. Mswada wa babu yangu umeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Je, nizigeuze herufi zianzie kulia?

Marahaba, mwanangu. Usizigeuze hata kidogo. Ziandike kwa mfuatano unaozisoma, nayo programu ya kuonyesha itazipanga kutoka kulia. Kipande hicho kipe `xml:lang="sw-Arab"` ili kitofautishwe na chenye herufi za Kilatini.

*Mwanachama wa Langoni:* Mwalimu, kwa nini tusitumie JSON, namna nyingine ya kuhifadhi data, iliyo nyepesi zaidi?

Kwa orodha ya majina ya tenzi na wamiliki wake, JSON inatosha, nami huitumia. Lakini mswada ulioliwa na mchwa hutulazimu kuweka alama katikati ya maneno:

```
<kipande>maneno <haisomeki>nawa</haisomeki>wekea</kipande>
```

JSON haina njia nyepesi ya kufanya hivyo. Hapa, ndugu yangu, pana mtego ulionipotezea maneno mengi nilipoanza: `kipande.text` hurudisha yale tu yaliyotangulia lebo ya ndani, yaani "maneno ", na "wekea" huhifadhiwa katika `tail` ya lebo hiyo. Ili upate kipande kizima, andika `"".join(kipande.itertext())`, kisha ndipo uhesabu mizani.