SOMO: Maneno ya N2, daraja ya pili kwa ugumu kwenye mtihani wa Kijapani

Kila wiki nnaulizwa vipi nilivyosoma maneno ya N2. Nayaweka hapa, anayeuliza tena nitamleta huku.

1. Maliza N3 kwanza, daraja ya chini yake.
2. Maneno 15 kwa siku, kwenye Anki (programu ya kadi za kukariri) au kadi za karatasi.
3. Marudio kabla ya maneno mapya.
4. Usihifadhi neno peke yake. Hapa ndipo nilipoanguka. Kadi zangu zilikuwa Kijapani upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, basi. 解決 (kaiketsu) niliandika "kutatua", 解消 (kaishō) nikaandika "kuondoa tatizo". Mtihani una maswali ya matumizi: neno moja, sentensi nne, sahihi moja tu. Zote nne nikaziona sawa! Kumbe kaiketsu huenda na tatizo au kesi. Kaishō huenda na msongo wa mawazo, upungufu, hata uchumba: 婚約を解消する. Sisi nasi twavunja uchumba, hatuubomoi. Kila kadi iwe na sentensi nzima. Na maneno mawili yakikupa Kiswahili kimoja, simama hapo hapo uyatenganishe. Mie nilikwenda Nairobi kufanya mtihani kwa nauli yangu, nikarudi Unguja mikono mitupu.
5. Soma habari fupi kila siku.

MASWALI

— Nitumie pdf ya maneno yote.
Orodha rasmi haipo. Tangu mtihani ulipobadilishwa 2010 waandaaji hawaitoi. Soma hatua ya 4.

— Si alama 90 tu nshafaulu? Sentensi za nini?
90 kati ya 180, na kila sehemu kati ya tatu isipungue 19. Ukipata 18 kwenye kusikiliza umeanguka, hata jumla ikiwa 130. Nimeandika za nini. Rudi juu.

— Assalamu alaykum kaka. 不 na 未 zote naziona "si". Nazitenganisha vipi?
Waalaykum salaam dada yangu. 未 ni "-ja-" yetu: 未婚 (mikon), hajaoa au hajaolewa, 未完成 (mikansei), haijakamilika. Bado kuna kungojea. 不 inakana moja kwa moja: 不可能 (fukanō), haiwezekani. Ongeza na 無, "bila": 無料 (muryō), bila malipo. Viambishi hivi vina maswali yake N2, fungua kurasa zake kwenye daftari. Ukikwama niandikie tena.

— Mie huku Wete najirekodi sentensi zangu, nazisikiliza melini.
Hii nzuri sana! Chunga tu vokali ndefu: obasan ni shangazi, obāsan ni bibi. Kesho naanza na mie, kwenye daladala ya Bububu.