Jinsi ya kuufikisha mrija wa mbegu kwa ng'ombe ukiwa hai

Ng'ombe akipandwa kwa mbegu za mtungi, yaani mbegu za dume zilizogandishwa na kutunzwa kwenye mtungi wa baridi kali, kisha akarudia joto baada ya wiki tatu, lawama hazikosi pa kwenda: dume bovu, ng'ombe mgumba, mhimilishaji hajui kazi. Mimi ninayezunguka na mtungi kati ya Tororo, Busia na vilima vya Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, huuliza kwanza jambo jingine. Mrija, kile kijibomba cha plastiki chenye mbegu, ulikaa hewani sekunde ngapi kabla ya kutiwa kwenye maji ya uvuguvugu?

Mbegu ni seli hai, na seli kwa sehemu kubwa ni maji. Wengi hudhani zikiganda hupasuka kama chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza. Ukweli una pande mbili. Ukigandisha polepole mno, barafu hutangulia nje ya seli, chumvi inabanana kwenye maji machache yaliyobaki, nayo huvuta maji ya ndani hadi seli inasinyaa na kuharibika. Ukigandisha haraka mno, maji hayapati nafasi ya kutoka, yanaganda humo humo ndani na kuchana utando. Katikati kuna mwendo unaofaa, na kila aina ya seli ina wake.

Hata mwendo huo hautoshi peke yake. Mwaka 1949 Christopher Polge na wenzake huko London walionyesha kwamba mbegu za jogoo zikichanganywa na gliseroli, kimiminika kizito, zinaweza kugandishwa na kuamka tena. Gliseroli huingia ndani ya seli, ikashikana na maji, barafu ikapungua na ukali wa chumvi ukapungua nao. Mbegu za ng'ombe mara nyingi huongezewa pia kiini cha yai, kinacholinda utando dhidi ya baridi ya ghafla hata kabla barafu haijaanza. (Ndugu zetu wa maabara wanaogandisha seli nyeupe za damu hutumia dawa iitwayo DMSO, na hushusha joto takriban nyuzi 1 kwa dakika. Dawa ni nyingine, adui ni yuleyule.)

Mbegu zinazotoka Entebbe, kwenye kituo cha taifa cha uzalishaji wa mifugo, NAGRC&DB, zimeshapitia yote hayo. Wewe mwenye mtungi huwezi kuziongezea uzima hata chembe. Unachoweza ni kuzipunguzia tu.

Ndani ya mtungi kuna naitrojeni ya kimiminika, yaani hewa iliyopozwa hadi ikawa kama maji; humo, nyuzi 196 chini ya sifuri, hakuna kinachosogea, na mbegu hudumu miaka mingi. Hatari inaanza mrija unapopanda juu. Joto likivuka nyuzi 130 chini ya sifuri, chembe ndogo za barafu huanza kuungana kuwa kubwa. Likikaribia 80 chini ya sifuri, madhara huja upesi, na kuurudisha mrija kwenye naitrojeni hakuyafuti. Utauona umeganda vizuri kabisa, na ndani mbegu zimekufa.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kifuniko, jua unachokitafuta. Mimi nina karatasi iliyobandikwa kwenye mtungi: kanista (kikombe chenye mkono mrefu kinachobeba mirija) namba fulani, dume fulani, mirija imebaki mingapi. Inua kanista ibaki chini ya mstari wa jalidi ndani ya shingo, isifike mdomoni. Chukua mrija kwa kibano, si kwa vidole. Hesabu kimoyomoyo, ukifika kumi hujaupata, shusha kanista, ipoe, uanze upya. Fanya hivyo kivulini, pasipo upepo. Ile mirija myembamba ya mililita 0.25 hupata joto upesi kuliko ya 0.5, na wanaoumia zaidi ni majirani wa mrija unaoutafuta, kwa sababu wao hupandishwa na kushushwa kila unapofungua.

Mzee mmoja wa upande wa Malaba alisimama karibu nami akasema, "Daktari, vuta juu nilione jina la dume." Nikamjibu, "Mzee wangu, jina utalisoma mrija ukishatoka kwenye maji." Siku hizi namwachia mrija mtupu kila nikimaliza. Autunze, ndicho cheti chake.

Kuyeyusha ni kinyume cha ulivyozoea kuzionea huruma: fanya haraka. Barafu ikiyeyuka polepole, chembe zake hupata muda wa kukua na kuchana zaidi. Maji yawe nyuzi 35 hadi 37, na mrija ukae humo sekunde 30 hadi 45. Nawajua wanaouweka kwapani, mdomoni, hata kwenye mfuko wa shati. Usiwaige. Mimi huomba maji ya moto jikoni kwa mama mwenye nyumba, nikayachanganya na ya baridi kwenye themosi yenye mdomo mpana, kisha natumbukiza kipimajoto. Mkono uliotoka kushika baridi hudanganya. Maji yakizidi 40 na ukausahau mrija humo, umezipika.

Ukiutoa, ukaushe kwa karatasi safi hadi usibaki na tone. Maji matupu yakigusana na mbegu, hunywewa na seli hadi zinavimba na kufa. Kisha linda joto. Kapchorwa asubuhi upepo wa mlimani hukata, na mbegu zilizokwisha yeyuka haziwezi kurudi kwenye baridi bila kudhurika. Sugua chuma cha kupandia kwa karatasi kipate uvuguvugu, ingiza mrija, ukate ncha yake sawasawa, funika ganda la plastiki, ukitie ndani ya ovaroli kifuani unapomwendea ng'ombe. Maliza ndani ya dakika 15. Kama ng'ombe watano wamefungwa wanasubiri, usiyeyushe mitano kwa mpigo ili ujionyeshe hodari.

Mtungi wenyewe upime kwa kijiti kikavu. Ukikitoa, jalidi litaonyesha kina. Kikikaribia sentimita 10, mimi naanza kutafuta usafiri wa kwenda kujaza. Jalidi likitokea nje, shingoni au ubavuni, ombwe (nafasi isiyo na hewa) katikati ya kuta zake limevuja: hamisha mirija siku hiyo hiyo. Kwenye bodaboda ufungwe wima, kwenye gari madirisha yawe wazi, maana naitrojeni ikigeuka hewa huongezeka karibu mara 700 na kufukuza ile tunayovuta. Kifuniko kisizibwe kwa mpira wala utepe. Na mtungi ukikuta umekauka, mirija yake itupe. Usimuuzie jirani kwa bei ya nusu.